Ngozi Ikikataa Pini: Nani Atoboe Tena, na kwa Sharti Gani

Tuchukue mfano wa binti wa miaka ishirini na kidogo kutoka Mitwaba, kwenye machimbo ya kasiteriti, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Lubumbashi. Amekuja mjini kwa shangazi yake, likizo ya mwezi mmoja. Katika saluni ya nywele, komini ya Kenya, Lubumbashi, anatobolewa chini kidogo ya mtulinga. Sindano inaingia, inapita chini ya ngozi kama uzi kwenye pindo la nguo, inatokea sentimita moja na nusu mbele. Pini haionekani, zinazoonekana ni shanga mbili za chuma, moja kila mwisho. Picha inapigwa, mdogo wake anaona wivu.

Wiki ya sita shanga moja imeanza kulala upande. Mwezi wa tatu, akiwa ameshapanda pikipiki kurudi kwao, pini inaonekana yenyewe: mstari wa kijivu chini ya ngozi iliyokonda hadi inang'aa. Anampigia simu aliyemtoboa, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, hii iko inatoka."

"Tia alkoli, itapona."

Anatia alkoli asubuhi na jioni. Siku moja anavua blauzi, uzi unanasa shanga, pini inang'oka na kukata ule utando mwembamba uliokuwa umebaki juu yake. Kidonda kinafunga. Mahali pa urembo panabaki mstari mweusi ulioinuka kidogo, kama mshono.

Hapo wengi huuliza: nitoboe tena lini, na wapi? Maswali hayo ni halali, ila kuna moja linalopaswa kutangulia: tangu pini ya kwanza ikataliwe, nini kimebadilika? Asiye na jibu la hilo atatobolewa na mkono uleule, kwa chuma kilekile, kwenye ngozi ambayo sasa ina kovu.

Ndewe na mwiba

Kiswahili kina neno lake la kutoboa sikio: kutoga. Tundu linalobaki kwenye ncha ya sikio huitwa ndewe. Kazi ya ndewe inaeleza kwa nini sikio hustahimili na kifua hukataa. Ndewe hupita kutoka upande mmoja wa nyama hadi upande wa pili. Ngozi ya mbele na ngozi ya nyuma hukua zikifuatana ndani ya tundu mpaka zikutane, na tundu likawa mfereji mdogo wenye ngozi yake. Hereni ikikaa humo haigusi kidonda tena. Mwili unaihesabu kuwa iko nje. Ndiyo maana bibi anaweza kukaa miaka bila vipuli, na siku ya harusi ya mjukuu akavivaa bila kutogwa upya. Kipini cha pua hufuata kanuni hiyohiyo.

Pini inayopita chini ya ngozi bapa, iwe kifuani, kisogoni, kwenye nyonga au kando ya jicho, haina upande wa pili. Inaingilia na kutokea kwenye uso uleule, na ngozi iliyo juu yake imevutwa muda wote. Mwili huishughulikia kama mwiba. Aliyekua akitembea pekupeku anajua: mwiba usipotolewa, mwili huuzingira, kisha huusogeza juu polepole mpaka ncha ijitokeze yenyewe. Tabaka la juu la ngozi hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja, na kila linapojifanya upya pini hupata nafasi ya kupanda kidogo. Wenye kazi hii hutofautisha kuhama, pale pini inaposogea na kutulia mahali pengine, na kukataliwa, pale inaposogea hadi itoke. Kuhama mara nyingi ni mwanzo wa kukataliwa.

Matatizo ya kutobolewa si ya Lubumbashi peke yake. Mwaka 2008 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliohoji watu 10,503 wa Uingereza wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Mmoja kati ya kumi alikuwa ametobolewa mahali pengine mbali na ndewe. Kwa vijana wa miaka 16 hadi 24, karibu theluthi ya matundu hayo yalileta matatizo, na takriban matundu 15 kati ya 100 yaliwafanya watafute msaada wa mtaalamu. Idadi hiyo inahusu hasa vitovu, pua na ndimi, sehemu zinazovumilia kuliko ngozi bapa. Anayetoboa kifua anaanzia nyuma ya wote hao.

Watuhumiwa wanne

Pini ikitoka, lawama hugawanywa haraka: ngozi yangu mbaya, mkono wa yule yaya mbaya, kuna mtu aliniangalia kwa jicho baya. Kabla ya kufika huko kuna watuhumiwa wanne wa kuhojiwa, na mara nyingi mmoja wao hukiri.

Wa kwanza ni umbo. Saluni nyingi hutumia pini iliyonyooka, au ile iliyopinda kama ndizi iliyotengenezwa kwa ajili ya kitovu, kwa sababu ndiyo iliyopo. Chini ya ngozi bapa pini hizo husukuma ncha zote mbili, moja juu na nyingine chini, kila mwenyewe anapogeuka. Umbo linalofaa ni la pini ya stepla: kipande kilicholala sambamba na ngozi, na miguu miwili mifupi inayosimama wima hadi kwenye shanga. Pini hiyo hailazimishi ngozi kupinda. Kama iliyotoka ilikuwa ndizi, umepata jibu la kwanza.

Wa pili ni kina. Ikipita juu mno, ngozi iliyo juu yake ni nyembamba na itakatika. Ikipita chini mno, shanga zinazama na nyama inavimba kuzifunika. Tofauti kati ya kosa moja na jingine ni milimita chache. Kuijua hakuhitaji cheti cha ukutani, kunahitaji mkono uliofanya kazi hiyo mara nyingi chini ya macho ya aliyeijua.

Wa tatu ni mahali. Ngozi iliyo juu ya mtulinga husogea kila mkono unapoinuliwa. Kisogo husuguliwa na kola, nywele za kusuka na mto. Nyonga hubanwa na mkanda na pindo la kitenge. Kwa anayebeba mtoto mgongoni, ndoo kichwani au begi kwenye pikipiki, jibu halipatikani kwenye kioo cha saluni. Linapatikana katika kazi za siku yake nzima.

Wa nne ni matunzo. Alkoli, jiki na dawa kali hazimwui mdudu peke yake. Zinaua pia chembe changa za ngozi zinazojaribu kuufunika mfereji. Jeraha la pini linataka kitu kimoja tu: maji ya chumvi ya kiasi kile cha serumu inayotundikwa hospitalini, gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji safi, mara moja au mbili kwa siku, kisha likaushwe na kuachwa. Kuigeuzageuza pini "isishike" hurudisha kidonda mwanzo kila siku.

Katika nchi ya chuma

Mtuhumiwa wa tano tumemweka peke yake kwa sababu Katanga inamfahamu vizuri. Ni madini yenyewe. Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi na Mitwaba, inaishi kwa shaba na kobalti, na Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Urembo wa chuma hapa si jambo la jana. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa kuanzia mwaka 1957, wanaakiolojia walikuta watu waliozikwa na vikuku na mikufu ya shaba. Mapambo hayo yalikaa juu ya ngozi. Chuma kinachokaa ndani ya ngozi kinataka sharti jingine.

Madaktari wa ngozi duniani wanapopima mzio wa metali huanza na nikeli, kobalti na kromi. Ya kwanza ndiyo inayosumbua watu wengi zaidi. Nikeli imo katika vipuli vya bei rahisi, chini ya rangi ya dhahabu inayobanduka baada ya miezi miwili. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 1994 ya kubana nikeli inayotoka kwenye mapambo. Leo kipimo cha pini inayoingia kwenye tundu la mwili ni mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Chuma cha pua cha daraja la tiba kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14, ila imeshikwa imara na hutoka kidogo sana. Chuma cha pua cha kawaida, chenye maandishi tu kwenye pakiti, hakina mdhamini.

Kwa anayerudia, titani ya daraja la upandikizaji ndiyo chaguo la kwanza, kwa kuwa nikeli haimo katika mchanganyiko wake. Anayeuliza sokoni atasikia kila pini ikiitwa titani. Kuna kipimo kidogo cha kiganja: titani ina uzito wa gramu 4.5 hivi kwa sentimita ya ujazo, chuma cha pua karibu 8, shaba karibu 9. Weka pini mbili za ukubwa mmoja, moja kila kiganja; ya titani inapaswa kuwa nyepesi waziwazi. Sumaku itawanasa wadanganyifu wachache tu, maana hata chuma kizuri cha pua hakishikwi nayo.

Wazee walijua ngozi hujibu

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Wazungu, hayakuwa kwetu. Historia ya Katanga inakataa. Wanawake wa Kiluba walichanjwa alama za kuinuka tumboni, mgongoni na kwenye mapaja, hatua kwa hatua maishani, na sanamu za Kiluba zilizoko kwenye majumba ya makumbusho zinazo alama hizo hadi leo. Kwa Watabwa wa upande wa Pweto na Moba, kuchanja mwili kuliitwa kulemba, neno linalotumika pia kwa kuchora na kuandika. Anayezungumza Kiswahili atalisikia kuremba humo, na nembo. Kusini mwa Tanzania Wamakonde walichanja nyuso zao na kuvaa ndonya kwenye mdomo. Wamasai na Wakalenjin walipanua ndewe mpaka ncha ya sikio ikafika begani, na wazee walipotembea porini waliikunja juu ya sikio isinase kwenye miti.

Lakini kati ya chale na pini ya ngozi bapa kuna tofauti ambayo ni kiini cha jambo hili. Mchanjaji wa chale alijua ngozi nyeusi hujibu jeraha kwa kuinuka, na akalifanya jibu hilo kuwa urembo wenyewe. Uvimbe wa kovu ndio uliokuwa herufi. Pini ya ngozi bapa inadai kinyume: ngozi ijeruhiwe na inyamaze, isiinuke, isiwe nyeusi, isisukume. Anayeitaka hafanyi jambo geni kwa wazee wake. Anafanya jambo lililo gumu zaidi, juu ya ngozi ambayo wazee walikuwa wameshaisoma tabia yake.

Kovu linalovuka mpaka

Tabia hiyo ina jina hospitalini: keloidi. Kovu la kawaida hukaa ndani ya mipaka ya kidonda, hata likivimba. Baada ya mwaka hivi hupungua. Keloidi huvuka mpaka, huendelea kukua miezi baada ya kidonda kufunga, huwasha, na haiondoki yenyewe. Katika maandiko ya tiba ya ngozi kuna takwimu inayorudiwa kila mara: keloidi kwa asilimia 16 ya watu wazima wa Zaire (Kongo ya leo), chini ya asilimia 0.1 huko Uingereza. Takwimu hiyo ni ya zamani na haipaswi kusomwa kama sensa ya leo, ila mwelekeo wake haupingwi: watu wenye ngozi nyeusi hupata keloidi mara nyingi zaidi, na hatari hupita katika ukoo.

Sasa tazama ramani ya mwili. Mahali keloidi inapopenda ni katikati ya kifua, mabega, shingo, taya na ndewe. Ni ramani ileile ya mahali vijana wanapopenda pini. Kuikata keloidi peke yake bila tiba nyingine huifanya irudi mara nyingi, wakati mwingine kubwa kuliko ya kwanza. Madaktari huchanganya sindano za steroidi, mgandamizo na njia nyingine, kwa miezi mingi na gharama isiyolingana kabisa na bei ya kutobolewa.

Kwa hiyo pini ya kwanza, hata iliyoshindwa, imemfanyia mwenyewe jaribio la bure. Kovu lake liangaliwe vizuri. Likiwa limelala, laini, linafifia, ngozi imempa ruhusa ya kufikiri. Likiwa limevimba kuvuka matundu, gumu, linawasha usiku, mjadala umekwisha: hapo wa kuonwa ni munganga wa ngozi. Vivyo hivyo kwa mwenye mama au kaka mwenye keloidi ya sindano ya chanjo begani. Sikio la kufa halisikii dawa, na ngozi ya keloidi haisikii titani.

Lini, na sentimita ngapi kando

Kovu jipya ni jekundu au jeusi, gumu, na halina mnyumbuko. Linaendelea kujipanga kwa miezi, mara nyingi hadi mwaka na zaidi. Anayetobolewa upya wiki ya sita anatoboa kidonda kilichofunga mlango tu. Miezi mitatu ni haraka, sita ni afadhali, mwaka ni busara. Kalenda peke yake haitoshi. Kovu libanwe kwa vidole viwili: likisogea pamoja na ngozi ya jirani bila kuvuta, limeiva.

Kupita ndani ya kovu ni kosa linalotendwa zaidi, kwa sababu mteja anataka kulificha. Nyama ya kovu ina damu kidogo na haivutiki. Pini itakaa humo kama msumari kwenye ubao uliooza. Wanaoshona masikio wanajua somo hili. Ndewe iliyopasuka kwa hereni nzito huchongwa kingo zake upya, hushonwa, huachwa miezi, kisha hutogwa kando ya mshono, si juu yake. Kwa ngozi bapa ni hivyohivyo: pembeni, mbali na mstari wa zamani, au sehemu nyingine kabisa ya mwili.

Na pini ya pili ipewe mpaka tangu siku ya kwanza. Pimeni umbali kati ya shanga mbili, andikeni. Matundu yakianza kupanuka, mstari wa pini ukionekana, au nyama iliyobaki kati ya matundu mawili ikipungua chini ya nusu sentimita, pini itolewe siku hiyohiyo na mtu mwenye mikono safi. Anayeitoa mapema anabaki na nukta mbili. Anayesubiri ing'oke anabaki na mfereji.

Sindano ya nani?

Hapa tusizungukezunguke. Virusi vya hepatitisi B huweza kukaa hai juu ya chombo kikavu kwa angalau siku 7. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, hatari ya kuambukizwa hepatitisi B inaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni karibu asilimia 0.3. Moto wa kiberiti na jiki kwenye kikombe havitoshi. Maji yanayochemka huacha mbegu za vijidudu vya pepopunda zikiwa hai. Kinachoua vyote ni mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa angalau dakika 15; na sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako. Bastola ya plastiki ya kutobolea masikio haiwezi kuingia kwenye mvuke huo bila kuyeyuka, na kwa ngozi bapa haifai kabisa. Kabla ya jaribio la pili, chanjo za pepopunda na hepatitisi B zithibitishwe kwenye kituo cha afya. Hiyo ni safari fupi kuliko ya kutafuta pini ya titani.

Umbali wa Mitwaba

Ushauri mwingi kuhusu pini umeandikwa kwa watu wanaokaa dakika kumi kutoka kwa aliyewatoboa. Shirika la watoboaji wa kitaalamu lililoanzishwa Marekani mwaka 1994 linasisitiza kurudi kukaguliwa. Binti wa Mitwaba hawezi. Uvimbe wa siku za kwanza ukishuka, pini ndefu inapaswa kubadilishwa kwa fupi; yeye yuko barabarani, kwenye vumbi la kiangazi, mkanda wa begi ukipita juu ya mtulinga. Pini ikianza kuhama, hospitali ya jumla ya eneo lake itaweza kutibu usaha, lakini muuguzi atakuwa anaiona pini ya aina hiyo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kwake, kilichobadilika lazima kiwe pamoja na hiki: atakuwa wapi kwa miezi mitatu inayofuata? Akihamia Lubumbashi kusoma, jibu ni jingine. Akija kwa likizo tena, aache. Ndewe ya pili juu ya ya kwanza, au kipini cha pua, vitavumilia safari ambayo kifua hakikuvumilia.

Wapo wanaosema asitoboe tena kamwe: wachungaji wanaotaja katazo la Mambo ya Walawi kuhusu kujichanja, akina mama wanaohofia mahari. Wapo wanaosema mwili ni wake na asiulizwe. Pande zote mbili zinajadili ruhusa. Ngozi haijui ruhusa. Inajua umbo, kina, mahali, chuma na mkono. Aliyeweza kutaja ni kipi kati ya hivyo kilichomwangusha, akakibadilisha, mwenye kovu lililolala na mtu wa karibu wa kumkagua, ana haki ya kujaribu. Aliyebakiwa na maelezo ya "bahati mbaya" tu, asubiri.

Binti wetu akirudi saluni ileile na kuonyesha kovu lake, yaya atatoa kisanduku cha pini. Aombe kimoja tu kabla ya bei: kushika pini mkononi na kuitazama. Ikiwa imepinda kama ndizi, amkabidhi, amshukuru, ashike njia ya kwenda kwa shangazi.